Kibaba na Gunia: Somo la Matumizi ya Nyumbani



Vyama vyetu vingi hushughulika na fedha za mwanachama pale tu anapoleta mazao ghalani. Mazao yakishapimwa, stakabadhi ikaandikwa na malipo yakatolewa, twamwacha aende zake, kana kwamba fedha hizo zikifika nyumbani hazituhusu tena. Lakini mwanachama huyo huyo, aliyeuza mahindi mwezi wa Julai, ndiye ajaye mwezi wa Februari kuomba mkopo ili anunue mahindi. Kwa hiyo somo letu la safari hii lahusu jiko na kapu la sokoni. Nawaomba makatibu walisome mbele ya mkutano, wasilitundike ukutani tu.

Mtu akiambiwa abane matumizi, jambo la kwanza kumjia ni kupunguza chakula: maharage yawe mchuzi mtupu, watoto wanywe chai kavu. Njia hiyo siiungi mkono hata kidogo, kwani mtoto asiyeshiba hulipiwa baadaye zahanati. Sehemu kubwa ya fedha za nyumbani hupotea katika kipimo tunachonunulia, katika msimu tunaonunua, na katika namna tunavyolipa. Hapo ndipo pa kutazama kabla ya kugusa sahani ya mtu.

Tuchukue mafuta ya kupikia. Bei nitakazotaja ni za mfano, na kila msomaji aweke za kijiji chake. Tuseme lita moja yauzwa shilingi 6,000, na kipimo kidogo cha mililita 50 chauzwa shilingi 400. Vipimo 20 hufanya lita. Kwa hiyo anunuaye kwa kipimo hulipa shilingi 8,000 kwa lita ile ile. Nyumba itumiayo kipimo kimoja kwa siku hulipa shilingi 12,000 kwa siku 30, ambapo lita moja na nusu ingeigharimu shilingi 9,000. Tofauti ni shilingi 3,000 kwa mwezi, na 36,000 kwa mwaka, nayo ni ya mafuta peke yake. Bado sukari ya robo, chumvi, sabuni ya kipande, majani ya chai ya pakiti ndogo na mkaa wa kopo.

Simlaumu mwenye duka. Kupimapima kuna kumwagika, kuna kazi, na yeye naye hana budi kula. Wala simlaumu mama anunuaye kwa kipimo, kwa kuwa hesabu hii anaijua kuliko wengi wetu. Ila leo ana shilingi 400, wala hana 6,000. Basi mwenye kipato kidogo ndiye alipaye bei kubwa zaidi, na mwenye gari hununua kwa bei ya chini. Nimepata kuwasikia wajumbe wa halmashauri wakiwahubiria akina mama juu ya ubadhirifu jikoni, ilhali soda za kikao chenyewe zilichukuliwa kwa chupa moja moja, kwa bei ya rejareja.

Kipimo kina ila ya pili. Debe na sado, lile kopo la rangi lililogeuka kipimo cha sokoni, hupima ujazo na si uzito. Debe lililobonyezwa tako, au sado iliyokatwa mdomo, huchukua punje chache, na jicho halioni. Vivyo hivyo mkulima anapouza gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, hutoa kilo ambazo hakulipwa. Huuza kwa lumbesa wakati wa mavuno, kisha hununua kwa sado wakati wa njaa. Amepunjwa mara mbili kwa mahindi yale yale. Mizani ndiyo dawa, nayo imo ghalani mwa chama. Hakuna sheria ya ushirika inayosema kwamba mizani hiyo lazima ilale msimu wa mazao ukiisha.

Juu ya msimu nitasema zaidi, maana hasara iliyo kubwa kuliko zote imo humo. Kabla ya kuuza hata kilo moja, kila nyumba na ijue inakula kiasi gani. Unga upimwe kwa siku saba mfululizo, jumla igawanywe kwa saba. Nyumba itumiayo kilo moja na nusu kwa siku huhitaji karibu kilo 550 kwa mwaka, yaani magunia matano na nusu ya kilo 100. Ziongezwe za mbegu, za wageni na za msiba, kwa kuwa misiba haibishi hodi. Hizo ziwekwe kando, na zinazobaki ndizo za kuuza. Mwanachama mwenye deni la pembejeo ataniuliza atalipa kwa nini. Swali ni la haki, na jibu lake liko kwa halmashauri: tarehe za kurejesha mikopo zisipangwe zote katika majuma ya mavuno, wakati bei iko chini kuliko wakati wowote mwingine.

Mahindi yaliyowekwa bila kukaushwa vema si akiba. Kuna jaribio rahisi lisilohitaji chombo cha kitaalamu. Chukua chupa kavu yenye mdomo mpana, tia punje za mahindi pamoja na chumvi kavu kiasi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha zitulie. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi; yarudishwe juani. Isipogandamana, yaweza kuhifadhiwa. Yupo pia dumuzi, mdudu aliyegunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimpachika jina la Skania; huyo hugeuza gunia kuwa vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani ya kiroba, humnyima pumzi akafa bila dawa yoyote. Bei yake imezidi ya kiroba cha kawaida, lakini mfuko usiotoboka hutumika tena msimu ujao.

Sasa, yule mwenye shilingi 400 atafikaje kwenye bei ya lita? Peke yake hafiki upesi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafanyakazi wapatao 28, wengine wao wafumaji, waliweka peni chache kila juma hadi wakapata mtaji wa pauni 28. Tarehe 21 Desemba mwaka huo walifungua duka lenye unga, siagi, sukari na mishumaa, basi. Waliuza kwa fedha taslimu tu, kwa uzani wa haki, na ziada wakagawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Ushirika wetu wa leo una mizizi yake katika kapu la nyumbani, jambo ambalo sisi wa kahawa, pamba na korosho twalisahau.

Hata hivyo sishauri chama kianze kwa kufungua duka. Duka lataka muuzaji, kufuli, kodi na mtaji wa kulala rafuni. Anzeni na siku ya ununuzi. Kaya 10 zinazoaminiana ziweke shilingi 400 kila siku kwa mhazini mmoja, kwa kadi; kwa siku 30 zitakuwa na shilingi 120,000, zinazotosha dumu la lita 20 kwa bei yetu ya mfano, na kila kaya ipate lita mbili. Mwezi wa pili ziongeze sukari, au gunia la maharage msimu wa mavuno yake.

Wala pasitolewe kitu kwa mkopo, hata kwa mwenyekiti. Katika vitabu vya maduka ya vyama nilivyovikagua, wizi wa usiku ni nadra. Kinachoonekana ni orodha ya wadaiwa, na majina ya juu aghalabu ni ya wajumbe wenyewe.

Jikoni nitapita haraka, maana wasomaji wengi wananishinda. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu na chungu kifunikwe, mkaa utapungua. Tahadhari na maharage ya bei ya chini yaliyokaa ghalani miaka miwili: hayaivi, na ulichookoa sokoni hukila moto. Dona haipotezi uzito kinuni kama sembe, na kiini chake hubaki ndani. Lakini kwa sababu ya mafuta ya kiini hicho huchacha upesi, kwa hiyo nunueni nafaka nyingi na msage kidogo kidogo. Makande ya mahindi na maharage hujenga mwili wa mtoto vizuri zaidi kuliko kila kimoja peke yake, nayo ni chakula cha bei nafuu.

Kwa makatibu: daftari la ununuzi liwe na safu za tarehe, jina, fedha iliyowekwa, kilo au lita alizopokea, salio, na sahihi au dole gumba. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Gunia lipimwe mbele ya wote kabla ya kufunguliwa. Gunia la kilo 100 likishapepetwa laweza kutoa 98. Kila kaya ipewe kilo 9.8, na zile 2 ziandikwe upungufu, zisifichwe. Jumla ya zilizogawanywa na upungufu ilingane na zilizopokelewa siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaondoka na kapu lake.