Dawa ya miti na dawa ya hospitali katika tumbo moja



Leo hatutasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Tutasema juu ya lile kopo la majani yaliyochemshwa linalokaa nyuma ya mlango. Wengi wetu tunalo. Munganga wa hospitali akiuliza: «Unatumia dawa gani nyingine?», tunajibu: «Hakuna.» Tunaogopa atatugombeza, au tunafikiri kwamba majani si dawa.

Majani ni dawa. Hata kinini kilitoka katika ganda la mti wa kinkina. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga mwaka 1820. Mti huo ulipandwa Kivu wakati wa Wabelgiji, na wako watu wanaochemsha ganda lake wakipata homa. Basi ukinywa kopo hilo pamoja na kinini cha dukani, umekunywa dawa ile ile mara mbili. Masikio yanalia kama nyuki, usikivu unapungua, macho yanaona ukungu. Nyumbani hiyo ni taabu tu. Lakini kazini, mtu asiyesikia king'ora cha baruti wala lori linalorudi nyuma, atajiokoa namna gani? Na mama mwenye mimba yuko katika hatari zaidi, kwa maana kinini kinaweza kushusha sana sukari ya damu yake.

Tukae kidogo hapo kwenye sukari.

Tuseme kuna dereva wa lori kubwa mwenye ugonjwa wa sukari. Munganga amempa glibenklamidi, kidonge kinachoshusha sukari. Shangazi yake anafika kutoka kijijini na kifurushi cha kongo bololo, yale majani machungu: «Mtoto wangu, kunywa, haya yanasafisha damu.» Anakunywa asubuhi na jioni. Shangazi hakudanganya kwa ubaya, na majani hayo si sumu. Tunayala hata kama mboga. Lakini maji yake makali nayo yanaweza kushusha sukari. Kidonge kinavuta chini, majani yanavuta chini.

Saa nane ya usiku, dereva ambaye alikula kidogo tu kabla ya zamu anatoka jasho baridi. Mikono inatetemeka, macho yanaona giza, maneno yake hayashikamani. Wenzake wanasema: «Amelewa», wanamwacha alale pembeni. Hilo ndilo kosa kubwa, ndugu, kwa sababu anaweza asiamke. Simamisha mashine yake. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda yenye sukari. Kama amezimia, usimtie kitu kinywani: mlaze ubavu na kumwita muuguzi upesi. Hata akipata nafuu, apelekwe dispanseri, maana nguvu ya kidonge kile inakaa masaa mengi na sukari inaweza kushuka tena.

Kuna mtego mwingine. Siku ya kupimwa damu, dereva wetu anaacha majani siku chache ili munganga asijue. Sukari inaonekana juu. Munganga anaongeza vidonge. Mtu anarudi nyumbani na vidonge vingi zaidi, kisha anarudia kopo lake. Nani mwenye kosa hapo?

Wenye tansio nao wasikilize. Vidonge vingine vya tansio vinatoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Ukiongeza dawa ya miti ya kuharisha, au maji ya alovera, unapoteza pia potasiamu, chumvi ambayo moyo na misuli vinaihitaji. Ongeza tena jasho la chini ya shimo: miguu inalegea, kichwa kinazunguka ukipanda ngazi, moyo unapiga bila mpango.

Mama mwenye mimba anayekula pemba ya soko, ajue kwamba udongo ule unaweza kushika vidonge vya chuma tumboni, visiingie katika damu. Damu haiongezeki, naye anasema vidonge havifai. Chai pia inazuia chuma. Ameze vidonge kwa maji, chai ingoje masaa mawili.

Juu ya mizizi inayolowekwa katika lutuku sitasema mengi. Mtu anayemeza dawa ya kifafa au ya usingizi akiongeza chupa ile, usingizi utamkuta palipo hatari.

Hatukuambii umwage kopo leo. Wala usiache kidonge cha sukari, cha tansio au cha kifafa ili kuyapa majani nafasi. Kuacha ghafula kunaweza kuua. Mara nyingine ukienda dispanseri, funga tawi moja lenye majani katika karatasi, ulichukue pamoja na vidonge vyako vyote. Kama hujui jina lake kwa Kiswahili, lisema kwa Kiluba, Kibemba au Kisanga. Sema unakunywa makopo mangapi na tangu siku gani. Na kama majani yamesagwa tayari, ukayanunua sokoni bila kujua ni mti gani, sema hivyo pia, kwa maana wako wauzaji wanaotia vidonge vya hospitali ndani ya unga ule.