Jicho Linaponena: Mawasiliano ya Mtoto Asiyeweza Kusema

Katika tambarare ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kama ilivyo kwingineko nchini, wamo watoto wenye mtindio wa ubongo wasioweza kutembea, kushika kitu wala kutamka neno. Hali hiyo hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo: kwa kukosa oksijeni, kwa manjano kali ya siku za kwanza, au kwa homa ya uti wa mgongo. Malaria kali ifikayo kwenye ubongo nayo huweza kuacha ulemavu wa namna hiyo.

Watu wengi hudhani kuwa asiyesema haelewi. Dhana hiyo ina madhara makubwa, kwani mtoto asiyedhaniwa kuelewa haulizwi neno, hafundishwi, na maumivu yake hayatambuliwi. Ukweli ni kwamba misuli ya kinywa na mikono yaweza kukataa kutii hali akili ni timamu. Kwa baadhi ya watoto hao, macho ndiyo kiungo kinachotii vizuri zaidi.

Mashine isomayo macho

Kompyuta ya kufuatia macho hummulika mtoto kwa nuru ya infraredi, ambayo binadamu haioni. Nuru hiyo huacha kimeta kidogo juu ya jicho. Kamera hupima umbali baina ya kimeta na kitovu cha mboni, na kompyuta hukadiria mahali mtoto anapotazama. Akituliza jicho juu ya picha kwa muda uliopangwa, kama sekunde moja, mashine hutamka neno lake.

Mashine hiyo ni ghali na huhitaji umeme. Tena jua kali huivuruga, kwa kuwa mwanga wa jua nao una infraredi. Kwa hiyo uani pa nyumba ya Matema, wakati wa adhuhuri, haitegemeki. Na kwa mtoto aliyelelewa kwa Kinyakyusa, yafaa maneno yarekodiwe kwa sauti ya mtu wa nyumbani.

Ubao wa macho

Kanuni hiyohiyo hutumika bila umeme. Hukatwa boksi gumu lenye upana wa sentimita 40 hivi, na katikati hutobolewa dirisha. Pembeni hubandikwa picha zinazomwelekea mtoto. Nyuma ya kila picha huandikwa jina lake. Mzazi huketi mbele ya mtoto, kichwa cha mtoto kikiwa kimeegemezwa vema, na humtazama kupitia dirishani. Jicho likitulia pembeni, mzazi hutaja: "Maji?" Mtoto huthibitisha kwa ishara iliyokubaliwa, mathalani kutazama juu.

Yafaa kuanza na picha mbili tu, kama wali na ndizi, kisha kuongeza. Picha za "naumwa" na "sitaki" zisikosekane. Kabla ya yote, macho yapimwe hospitalini, maana ubongo uliodhurika huweza pia kupunguza uwezo wa kuona.

Mambo wayaonayo wazazi

Familia zilizotumia njia hizi katika nchi mbalimbali hueleza mambo yanayofanana. Kwanza, akina mama walikuwa wakisoma macho ya watoto wao tangu zamani. Kifaa huwawezesha wengine nao kusoma. Pili, kujifunza huchukua miezi, na mtoto huchoka upesi; dakika chache kila siku zafaa kuliko saa nzima mara moja. Tatu, kosa lililo kubwa ni haraka: mzazi huuliza, kisha hujijibu mwenyewe kabla jicho halijafika. Nne, mtoto akigeuzwa mtahiniwa wa kuonyesha picha kila saa, huacha kutazama. Apewe nafasi ya kuchagua, kukataa na kulalamika, na uchaguzi wake utekelezwe.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu ya kupata elimu. Lakini mwalimu hawezi kumfundisha asiyejua namna ya kumsikiliza. Kwa hiyo ubao uende naye shuleni, na ndugu zake wafundishwe kuutumia. Mashine ikipatikana baadaye, itamkuta mtoto ambaye tayari anajua kwamba akitazama, atajibiwa.