Hataki chakula, anataka pipi

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka minne. Tunaishi na mama mkwe, nami nashinda sokoni. Nikirudi jioni ugali haugusi, wali anauchezea tu. Kutwa amekula pipi, biskuti na soda, maana akilia kidogo bibi yake humpa mia mbili akimbilie dukani. Mimi nikimkatalia anagaragara chini hadi majirani wanachungulia. Meno ya mbele yameanza madoa meusi. Mume wangu anasema nimchape. Mama mkwe anasema namnyima mjukuu wake raha. Jirani naye ananitisha kuwa pipi huleta minyoo. Nifanyeje bila kuvuruga nyumba?*

*Mama mwenye hofu, Tanga*

Mwanangu, fimbo iweke kando. Mtoto amefundishwa kwamba kilio kinalipwa mia mbili, naye ameshika somo vizuri. Jioni hali kwa sababu ameshiba: tumbo lake ni dogo, na biskuti na soda za saa kumi zimekwisha kulijaza.

Sukari ya hiyo soda ni nyingi kuliko inavyoonekana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni kama vijiko saba au vinane vya chai kwa siku nzima. Chupa ya kola ya mililita 350 huwa na takriban vijiko tisa.

Kinachoniumiza zaidi ni meno. Kila sukari inapoingia kinywani, bakteria huigeuza kuwa tindikali inayokula jino, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Anayemumunya pipi kutwa hayapi meno yake nafasi ya kupumzika. Msiseme ni meno ya utoto, yatang'oka. Ndiyo yanayoyashikia nafasi ya ukubwani, na mtoto mwenye jino linalouma hukwepa kutafuna. Mpigishe mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere.

Jirani amekosea. Minyoo mingi ya tumbo hutokana na mayai yake yanayoingia mdomoni kwa mikono michafu, udongo na matunda yasiyooshwa.

Sasa mama mkwe. Usimvae jioni ukiwa umechoka, wala usimtume mumeo akamkemee mama yake. Mwendee kwa heshima: "Mama, naomba unisaidie meno ya mjukuu wako." Anampenda mtoto huyo, na pipi ndiyo zawadi iliyo karibu na mkono wake. Mwachie hela ya genge: ndizi mbivu, chungwa wamenyiane barazani, kiazi kitamu au hindi la kuchemsha. Mtoto abaki na raha ya kupewa kitu na bibi yake.

Pipi usizipige marufuku kabisa, ataziiba. Chagueni siku, tuseme Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ale, anywe maji, yaishe. Ila kamwe usimwambie, "Maliza mchicha nikupe pipi," kwani hapo umemwambia mchicha ni adhabu. Wewe panga chakula gani na saa ngapi. Yeye aamue ale kiasi gani. Kati ya mlo na mlo anywe maji. Chakula asichokizoea mwekee kidogo bila kumlazimisha, nanyi mkile mbele yake; watoto wengine huhitaji kukiona mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali.

Siku za mwanzo atalia kuliko kawaida. Kaa karibu naye, usimfokee, na usimpe. Ukilegea kilio cha nne, kesho atalia mara nne.

Lakini madoa hayo yasingoje tabia ibadilike. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, na umwombe mama mkwe mfuatane, asikie mwenyewe.