Usipoziba Ufa: Utunzaji wa Kombi ya Safari

Mwaka huu nimeombwa niandike somo la ufundi, si shairi wala hadithi. Wenzangu kadhaa waliposikia walicheka. "Ati msichana aandike habari za gari, tena kwa Kiswahili? Kabureta utaiita nini?" Jawabu langu ni fupi: nitaiita kabureta, kama wanavyoiita mafundi wa jua kali kutoka Mombasa hadi Busia. Gereji ni mahali ambapo Kiswahili hakijawahi kukosa kazi.

Haya nitakayoeleza nimeyapata kwa mjomba wangu, fundi wa magari, ambaye kila likizo hunikabidhi spana na tambara na kuniambia, "Haya mama, karibu darasani." Somo letu ni Kombi iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safari.

KOMBI NI GARI GANI?

Mwaka wa 1947 Mholanzi mmoja, Ben Pon, alichora katika daftari lake picha ya gari lenye umbo la sanduku, injini ikiwa nyuma. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuliunda mwaka wa 1950. Mwaka uliofuata, kampuni ya Westfalia ikaanza kutia ndani yake vitanda, kabati na meza ili watu waweze kusafiri na kulala humo humo. Huko Brazili Kombi ziliendelea kuundwa hadi mwaka wa 2013. Hapa kwetu Kombi zilibeba watalii mbugani kwa miaka mingi, na mpaka leo wapo watu wanaozitunza, wakatia godoro na jiko, wakaenda kupiga kambi Naivasha au pwani.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo kiini cha somo zima. Gari la kawaida likiharibika, unachelewa. Gari la kulala likiharibika, huenda usiamke. Kwa hivyo nimeyagawa matengenezo yake mafungu mawili: mambo ya kuchelewa, na mambo ya uhai na kifo.

FUNGU LA KWANZA: MAMBO YA KUCHELEWA

(a) Oili. Injini ya Kombi ya 1600 haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili. Tena oili yenyewe ni kidogo, lita mbili na nusu tu. Ndiyo sababu ikipungua hata kidogo injini huumia upesi. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kila baada ya kilomita 5,000 imwage yote, safisha kichujio cha wavu kilicho chini ya injini, kisha utie oili mpya.

(b) Mkanda wa feni. Katika injini hii mkanda mmoja huzungusha mtambo wa kuchaji betri pamoja na feni ya kupoza. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji huwaka. Hapo ndipo madereva wengi huponzwa. Husema, "Aa, ni chaji tu, tutafika na betri." Hamfiki, bwana! Feni imesimama, na injini inajichoma yenyewe. Ukiona taa hiyo ikiwaka safarini, toka barabarani mahali salama na uzime injini papo hapo. Kupima mkanda ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukibonyea kiasi cha milimita 15, uko sawa. Ukilegea zaidi, fungua nati ya puli ya juu, utoe pete moja nyembamba iliyo katikati ya nusu mbili za puli, kisha ufunge tena. Pete uliyoitoa iweke upande wa nje wa puli, chini ya nati, isije ikapotea. Siku utakapotia mkanda mpya utaihitaji. Na usitoke nyumbani bila mkanda wa akiba.

(c) Matairi. Kombi ya safari hukaa miezi mingi bila kutembea. Basi tairi huzeeka huku vijino vyake vingali virefu, na mwenyewe hudhani ni jipya. Soma ubavuni mwake, utaona maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Angalia pia nyufa ndogo ndogo za mpira. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi, kwa kuwa likipata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Na ukibadilisha gurudumu, kaza nati tena baada ya kwenda kilomita 50 au 100.

(d) Betri. Kombi nyingi za kulala zina betri mbili: moja ya kuwashia injini, na ya pili ya taa na feni ndogo za ndani. Hiyo ya pili huuawa na kiu na njaa. Kiu ni maji: kama ni betri ya kufunguliwa, bamba za ndani zifunikwe daima na maji ya betri, si maji ya mfereji. Njaa ni chaji: betri iliyopumzika saa kadhaa ikionyesha volti 12.7 kwenye mita, imeshiba. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu, nawe acha kuitumia mpaka ichajiwe. Unapoifungua, anza na waya wa hasi. Unapoifunga, waya wa hasi uwe wa mwisho. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi ya gari huku waya wa hasi haujafunguliwa, zitaruka cheche. Na betri inayochajiwa hutoa gesi inayoshika moto, kwa hivyo pasiwe na sigara wala kiberiti karibu.

(e) Paa. Kombi nyingi za kulala zina paa la kuinuka, na pembeni mwake kuna ukanda wa mpira. Mpira huo ukikauka, maji ya mvua huingia polepole, mbao za kabati huoza na bati hushika kutu kwa ndani, mahali usipoona. Njia ya kuutafuta ufa ni hii: mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji juu kwa mpira wa bustani, aanze sehemu za chini akipanda taratibu. Aliye ndani atapiga kelele, "Hapo hapo!" Kausha, safisha, tia mpira mpya. Kazi ya asubuhi moja hukuepushia kukata bati na kulichomelea upya.

FUNGU LA PILI: MAMBO YA UHAI NA KIFO

(a) Mipira ya petroli. Desemba iliyopita mzee mmoja alileta Kombi yake ikaguliwe kabla ya kwenda pwani na wajukuu wanne. Mjomba aliinamia mlango wa injini, akavuta hewa puani, akauliza, "Mzee, harufu hii imeanza lini?" Mzee akajibu kwa upole, "Aa, fundi, Kombi zote hunuka hivyo." Mjomba hakubishana naye. Aliushika mpira mwembamba unaopeleka petroli kwenye kabureta, akaupinda kidogo tu. Nyufa zikafunguka kama kisigino kisichopakwa mafuta, na tone la petroli likaangukia bati la injini. Mzee alilitazama lile tone kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Watoto wangekuwa wamelala huko nyuma, juu ya injini."

Hakuna Kombi inayopaswa kunuka petroli. Harufu ni taarifa. Mpira wa petroli unauzwa kwa futi, tena kwa bei ndogo. Nunua ulioandikwa kwamba ni wa petroli, si ule mpira wa maji. Subiri injini ipoe kabisa, fungua waya wa hasi wa betri, fanyia kazi nje penye hewa, na uziba petroli inayotoka tangini. Badilisha mipira yote kwa pamoja, pia klipu zake, maana ilizaliwa siku moja na itazeeka siku moja. Ndani ya gari pawe na kizimamoto, karibu na dereva, si chini ya mizigo.

(b) Gesi ya kupikia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kutoka dirishani, bali hushuka sakafuni na kutulia pale kama maji ya bwawa, ikingoja cheche. Kwa hivyo mtungi usimame wima ndani ya kisanduku chake kilichofungwa upande wa chumba, chenye tundu chini kabisa la kuitoa gesi nje ya gari. Ukiunganisha mtungi, chovya burashi katika maji ya sabuni, pakaa kwenye kichwa cha mtungi na kila kiungo cha mpira. Povu likivimba, gesi inavuja. Funga mtungi, fungua milango yote, usiguse swichi yoyote. Na tafadhali, wapo watu wanaotafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti! Huko ni kumtafuta simba kwa kumkanyaga mkia. Usiku mkishapika, fungeni mtungi wenyewe, si jiko peke yake.

(c) Hewa ya sumu. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Huzaliwa makaa, petroli au gesi inapoungua bila hewa ya kutosha. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, kisha huzimia. Kule Naivasha usiku una baridi, na mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya gari apate joto. Usithubutu! Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, sumu ipo. Jiko la gesi nalo ni la kupikia, si la kuota moto, na mnapopika dirisha liwe wazi. Jifunikeni blanketi mbili.

Kombi ina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Joto la ndani ya gari hutokana na hewa inayopitishwa kandokando ya mabomba ya moshi, ndani ya vifuniko vya bati, kisha ikaletwa miguuni kwa dereva. Mabomba hayo yakitobolewa na kutu, moshi wa injini huja ndani pamoja na lile joto zuri. Kwa hivyo kagua mabomba hayo kila mwaka. Ukifungua joto ukasikia harufu ya moshi, lifunge, fungua madirisha, na usilitumie tena mpaka bomba libadilishwe.

MIPAKA YA MIKONO YETU

Kujitengenezea si kujifanya fundi wa kila kitu. Breki na usukani waachie waliohitimu. Wewe kazi yako ni kukumbuka kwamba oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo ibadilishwe kila miaka miwili. Oili iliyojaa maji huchemka breki zikipata moto, na pedali huzama bure. Fikiria jambo hilo likupate kwenye mteremko wa kushuka Mai Mahiu, Kombi imejaa watu na vyombo! Mteremko kama huo ushukie gia ndogo, injini ikusaidie kulizuia gari.

Na la mwisho kabisa: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, stendi ndiyo ya kushikilia. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, tia stendi mbili imara, lisukume gari kwa mkono uone kama limetulia, ndipo uingie. Mjomba ana sheria moja asiyoilegeza kwa yeyote: mtu akiwa chini ya gari, hakuna anayepanda ndani, hata kuchukua chupa ya maji.

Hayo ndiyo somo langu. Mtaona kwamba kazi nyingi nilizotaja hazihitaji mashine. Zinahitaji pua, sikio, kidole gumba, maji ya sabuni, na mtu asiyeona haya kuuliza, "Harufu hii imeanza lini?"

ZOEZI

1. Mko njiani karibu na Mtito Andei, taa nyekundu ya chaji imewaka, na baba anataka kufika Voi kabla ya giza. Utamshauri nini, kwa heshima, na utampa sababu gani?

2. Eleza kwa nini tundu la kisanduku cha mtungi wa gesi huwekwa chini, si juu.

3. Tairi lenye vijino virefu lina tarakimu 0714. Lilitengenezwa lini? Je, ungelifunga kwenye gari litakalobeba familia yako?

4. Andika orodha ya majina kumi ya vipuri vya gari kama yanavyotumiwa katika gereji ya mtaani kwenu, kisha uyatungie sentensi.

5. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Majibu mpelekeeni katibu wa chama kabla ya kufunga shule. Kwaherini.