Soma Kwanza, Kisha Jaribu

Kujipamba si jambo baya. Tangu zamani mama zetu walijipaka mafuta ya nazi, liwa na hina. Lakini vipodozi vingine vinavyouzwa siku hizi ni sumu. Leo tujifunze kuvitambua, na namna ya kujaribu kipodozi kipya bila kujidhuru.

Tuseme uko mnadani. Muuzaji anakuonyesha krimu na kusema, "Mama, chukua hii. Wiki mbili tu utakuwa mweupe." Je, utajuaje kama ni salama?

SUMU NDANI YA KOPO

Baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, huitumia kunasa dhahabu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini haikai juu ya ngozi tu. Hupenya na kuingia katika damu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Hata mtoto anayetumia taulo moja na mama yake anaweza kuipata.

Krimu nyingine zina haidrokwinoni. Mwanzoni ngozi hung'aa. Ikitumika muda mrefu, inaweza kuacha madoa meusi ambayo ni vigumu kuyaondoa. Nyingine zina steroidi, dawa ambayo mganga hutoa kutibu magonjwa ya ngozi. Ikipakwa ovyo, ngozi huwa nyembamba, huingia michirizi, na vidonda huchelewa kupona.

Rangi nyeusi si uchafu. Ni kinga dhidi ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, ndiyo maana hupata kansa ya ngozi kwa urahisi. Anayejichubua ni kama mtu anayetupa mwavuli wake wakati wa jua kali.

HATUA YA KWANZA: SOMA

Sasa unajua kusoma. Basi kusoma kukulinde. Kabla ya kutoa fedha, geuza kopo.

1. Tafuta maneno haya: mercury, mercuric, calomel, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Yaandike katika daftari lako uende nalo dukani. Ukiona hata moja, rudisha kopo.

2. Kama imeandikwa kwamba krimu isiguse dhahabu au fedha, shuku zebaki. Zebaki hushikana na madini hayo.

3. Usinunue kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya vitu vilivyomo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue mkorogo uliochanganywa na muuzaji.

4. Muuzaji akikuahidi weupe wa haraka, mwache, hata kama kopo halitaji sumu. Wengine huficha.

Tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, ndilo linalosimamia vipodozi nchini. Ukiona krimu ya kutilia shaka, toa taarifa huko.

HATUA YA PILI: JARIBU

Kipodozi kisicho na sumu nacho kinaweza kumkataa mtu. Kinachomfaa jirani yako huenda kisikufae wewe. Kwa hiyo usianze na uso.

1. Osha sehemu ndogo ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Ikauke.

2. Paka kidogo, kiasi cha kufunika sarafu, asubuhi na jioni.

3. Fanya hivyo kwa siku 7. Angalia ngozi kila siku.

4. Ikiwasha, ikivimba au ikitoa malengelenge, osha kwa maji mengi na uache kabisa.

5. Jaribu kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukipaka viwili, hutajua kipi kimekudhuru.

Kumbuka jambo hili: jaribio huonyesha mwasho tu. Halionyeshi zebaki, kwa sababu zebaki hudhuru polepole bila kuwasha. Ndiyo maana tunasoma kwanza, kisha tunajaribu.

CHA ASILI NACHO KICHUNGUZWE

Watu wengine husema, "Hiki ni cha asili, hakina madhara." Si kweli kila mara. Zebaki nayo hutoka ardhini. Ndimu ni tunda, lakini ukijipaka maji yake na kukaa juani, ngozi inaweza kuungua. Kwa ngozi kavu, mafuta safi ya nazi au mafuta ya mgando huwafaa watu wengi, na bei yake ni nafuu. Hata hayo, yajaribu kwanza mkononi.

KAMA UMEKWISHA KUJICHUBUA

Usione haya. Nenda zahanati na uchukue kopo lako. Mweleze mganga umetumia kwa muda gani. Steroidi ikiachwa ghafla, ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, kwa hiyo fuata maelekezo yake. Ukijificha, ugonjwa haujifichi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini jaribio la mkononi haliwezi kuonyesha zebaki?

2. Leteni makopo mnayotumia nyumbani. Someni pamoja. Je, mmekuta neno lolote kati ya yale sita?

3. Binti yako akitaka kujichubua, utamwambia nini?