Somo la 9: Anza Kabla ya Mimba
(Kwa mama mwenye ugonjwa wa sukari)

Somo hili ni la wewe mama mwenye ugonjwa wa sukari, unayetamani kuzaa mtoto. Tena ni la mume wako, na mama mkwe wako, na wote wanaokula pamoja nawe. Neno kubwa la somo hili ni moja tu: tengeneza sukari ya damu yako kabla mimba haijashika. Usingoje tumbo lionekane.

KWA NINI KABLA?

Mama wengi huja kupimwa mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Kwa mama mwenye ugonjwa wa sukari, huko ni kuchelewa sana. Moyo wa mtoto, ubongo wake na uti wa mgongo wake huanza kufanyika katika majuma ya kwanza. Ikifika juma la 8, viungo vyake vikubwa vimekwisha kuanza kupata umbo. Mara nyingi wakati huo mama hajui bado kama ana mimba. Anafikiri siku zake zimechelewa tu.

Sukari ikiwa nyingi katika damu siku zile, mimba yaweza kuharibika, au mtoto aweza kuzaliwa na moyo wenye kasoro, au uti wa mgongo usiofunga. Huo si uchawi, wala si laana ya wakwe. Kuna kasoro zenye sababu nyingine, lakini hii ya sukari tunaweza kuipunguza sana. Mtu anayejenga nyumba ya matofali hatengenezi msingi akiisha kupiga mabati.

UGONJWA HUU NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa bugali, wali, viazi na ndizi, hugeuka kuwa sukari katika damu. Nyuma ya tumbo kiko kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake moja ni kutoa insulini, inayoingiza sukari katika mwili ili tupate nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili ukikataa kuitii, sukari hubaki katika damu. Mgonjwa huona kiu nyingi, hukojoa mara kwa mara, na huchoka.

Zamani mtoto aliyeshikwa na ugonjwa huu alikuwa hana tumaini. Lakini mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika mji wa Toronto, Kanada, walipata njia ya kutoa insulini katika kongosho la mbwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922 kijana wa miaka 14 alipigwa sindano ya insulini, naye akapata nafuu. Tangu hapo mama wengi wenye ugonjwa huu wamezaa watoto wazima. Basi, usikate tamaa.

MAMBO MATANO YA KUFANYA KABLA YA MIMBA

1. Mwambie mganga kwamba unataka kuzaa. Uliza kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Inafaa kishuke chini ya asilimia 6.5, kama yawezekana bila sukari kuanguka mno. Kikipita asilimia 10, usishike mimba kwanza.

2. Wakati wa kungoja, tumia njia ya kuzuia mimba mliyochagua pamoja na muuguzi. Najua ndugu wa mume huuliza kila juma: mtoto yuko wapi? Wajibu kwa upole kwamba mnamtengenezea mahali.

3. Anza kumeza vidonge vya asidi foliki miezi mitatu kabla ya mimba, na uendelee mpaka juma la 12. Vinasaidia uti wa mgongo wa mtoto kufunga vizuri. Mganga atakuambia kiasi chako, maana mwenye ugonjwa wa sukari mara nyingi hupewa zaidi ya wengine.

4. Onyesha dawa zote unazomeza. Dawa nyingine za presha na za mafuta ya damu zinaweza kumdhuru mtoto, na mganga atazibadili. Lakini usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.

5. Upimwe macho, figo na presha. Mimba yaweza kuzidisha ugonjwa wa macho na wa figo uliokuwapo tangu zamani.

MIMBA IKIISHA KUSHIKA

Siku zikichelewa, njoo juma hilo hilo. Mganga akiona inafaa, mtatafuta hesabu hizi: asubuhi kabla ya kula, sukari iwe chini ya miligramu 95 katika desilita moja ya damu, saa moja baada ya kuanza kula, chini ya 140, saa mbili baada yake, chini ya 120. Andika kila hesabu katika daftari. Kama huna kipimo nyumbani, patana na muuguzi siku za kuja kupimwa.

Usistaajabu sindano zikibadilika. Katika miezi ya kwanza, mama mwingine huhitaji insulini kidogo kuliko zamani. Baadaye mimba hupinga kazi ya insulini, na kiasi huongezeka, pengine kufika mara mbili. Hiyo si alama kwamba insulini inakudhuru. Insulini ya mama haipiti kwa mtoto. Sukari ndiyo inayopita. Mtoto akipokea sukari nyingi hutoa insulini yake mwenyewe nyingi, naye hunenepa kupita kiasi.

Kama huna barafu ya kuhifadhi insulini, weka chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga wenye maji katikati, na ukiweke kivulini penye upepo. Chupa iwe katika mfuko mkavu. Isikae juani wala karibu na jiko.

CHAKULA

Gawanya sahani yako. Nusu iwe mboga: sombe, lengalenga, kabichi. Robo iwe maharagi, samaki, ndagala au yai. Robo iliyobaki iwe bugali, kama ngumi yako moja. Acha chai ya sukari, soda na mua. Usile chakula kingi mara moja. Kula kidogo mara nyingi. Tembea kidogo baada ya kula.

Neno moja kwa washiriki wa kanisa. Wakati wa kufunga na kuomba, wewe usifunge chakula. Ukipiga insulini bila kula, sukari itaanguka. Ukiacha insulini, sukari itapanda, na wewe na mtoto mtakuwa hatarini. Omba pamoja na wenzako huku umekula. Na mtu akikuambia utupe sindano kwa kuwa umekwisha kuombewa, usimtii. Kuombewa ni kwema. Kuacha insulini kwaweza kukuua.

SUKARI IKIANGUKA

Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi, moyo ukipiga mbio, ukisikia njaa ya ghafula au ukianza kusema maneno yasiyofuatana, sukari imeanguka, yaani iko chini ya 70. Koroga vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, unywe mara moja. Ngoja dakika 15, upime tena. Ikiwa bado, unywe tena. Halafu kula chakula. Ukipoteza fahamu, watu wasikumiminie kitu kinywani, maana kitaingia katika mapafu. Wakulaze ubavu na kukuleta hospitali upesi.

Jihadhari na malaria. Malaria yenyewe, na dawa ya kinini, huweza kuangusha sukari ya mama mwenye mimba. Lala ndani ya chandarua. Ukipata homa, njoo siku hiyo, na mwambie muuguzi una ugonjwa wa sukari.

NJOO UPESI, HATA USIKU

Ukitapika bila kukoma, ukipumua kwa nguvu na pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, ukiumwa kichwa sana au macho yakiona ukungu, ukitoka damu, au mtoto akipunguza kucheza.

KUZAA NA BAADAYE

Usizalie nyumbani. Mtoto mnene aweza kukwama mabega. Tena akiisha kuzaliwa, sukari ya mama haimfikii, lakini insulini yake bado ni nyingi, kwa hiyo sukari yake yaweza kuanguka. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, na wauguzi watampima. Wewe nawe utahitaji insulini kidogo sana kuliko jana. Uliza kiasi kipya kabla ya kupiga sindano. Na mama ambaye sukari ilionekana mara ya kwanza wakati wa mimba arudi kupimwa baada ya majuma 6 mpaka 12, hata akijiona mzima.

Baba, wewe hubebi mimba, lakini waweza kubeba kazi hii. Kula sahani ile ile pamoja na mke wako. Weka fedha ya safari mapema. Jifunze alama za sukari kuanguka, maana usiku ni wewe uliye karibu naye.

MAULIZO

1. Viungo vya mtoto huanza kufanyika wakati gani?
2. Kwa nini haitoshi kuja hospitali mimba ikiwa na miezi mitano?
3. Ni nini kinachopita kwa mtoto: insulini au sukari?
4. Utafanya nini mama akitetemeka na kutoka jasho la baridi?
5. Katika nyumba yako, nani atakusaidia, na utamwambia lini?