Mhudumu wa Mama na Watoto

Katika vijiji vingi vya Tanzania yuko mtu aitwaye mhudumu wa afya, ambaye kazi yake ni kuwazuru akina mama na watoto majumbani mwao. Huchukua utepe mwembamba wenye rangi tatu, akauzungusha mkono wa mtoto katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hata miaka 5, kipimo kikiwa chini ya milimita 115 huangukia rangi nyekundu, maana yake utapiamlo mkali.

Lakini utepe waweza kudanganya. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba, hata majirani wakamsifu kwamba amenenepa! Kwa hiyo mhudumu hubonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, akahesabu polepole mpaka tatu. Vishimo vikibaki, mtoto hupelekwa hospitali siku ile ile. Daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933, alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana. Wenyeji wa huko walikwisha kuujua. Jina waliloupa lahusu mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Kupima ni kazi nyepesi. Iliyo ngumu ni kumwona mtoto mwenyewe, kwa kuwa mama wa mtoto dhaifu huona haya, akamficha chumbani. Mhudumu hodari hamwulizi mbele ya wakwe, “Umemlisha nini?” Hupiga hodi, akaketi mkekani, akasaidia kuchambua mchele, wakazungumza habari za shamba na mvua. Halafu mama huinuka mwenyewe, akaingia ndani kumleta mtoto.